Redio ya Valvu na Samaki wa Jumanne

Mume wangu Odero anapenda vitu vitatu: Mungu, mimi, na redio ya valvu ya marehemu baba yake. Mpangilio hubadilika kulingana na siku. Mzee alipozikwa kule Alego, ndugu zake waligawana ng'ombe na baiskeli. Odero aliomba redio tu, sanduku la mbao zito kama kabati, akalileta Kitengela kwa pikapu huku amelikumbatia njia nzima.

Ndani yake mlikuwa na valvu sita, chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Odero alikata kidirisha ubavuni mwa sanduku ili wageni wazione. Ukiiwasha ilikubidi ungoje dakika nzima, valvu zipate moto, ndipo sauti ije. Mzee alikuwa akiitumia dakika hiyo kuwauliza watoto wake, mmoja mmoja, "Umeshindaje?" Odero aliponisimulia hayo mara ya kwanza alikuwa na machozi, na mimi si mtu wa kumcheka mwanaume anayemlilia baba yake.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Jumanne moja, Odero akiwa kazini, niliipangusa redio ikiwa ingali moto, tena ndani kabisa, kwa kitambaa kibichi. Valvu kubwa ikapasuka. Nilikaa sakafuni, kisha nikatafuta mkokoteni, nikaipeleka redio Noonkopir kwa Munyiva, fundi wa kike ambaye hakuna kitu cha umeme kinachomtisha.

"Mama, valvu kama hii hupati," alisema. "Lakini niko na spika ya kisasa hapa, imevunjika kasha tu. Wacha nikuwekee matumbo yake ndani. Hizi zingine tunaziacha ziwake za kuonekana, na hapa kwa ile imepasuka naweka kabalbu. Nani atajua?"

Saa kumi redio ilikuwa imerudi mahali pake. Jioni hiyo, kwa sababu roho ilikuwa inanisuta, nilipika ngege mzima kwa nyanya na ugali wa mtama. Odero aliwasha redio, akasimama kidogo, akaja mezani akala mpaka kichwa cha samaki kikabaki mifupa. Jumanne iliyofuata roho ilinisuta tena, nikapika samaki tena. Miezi mitatu mizima nilikuwa nikilipia dhambi yangu kwa samaki.

Kila Jumamosi rafiki zake wawili wa valvu, Opiyo na Muteti, walikuja kusikiliza santuri, gramafoni ikiwa imeunganishwa kwa waya kwenye redio. Waliketi mbele ya kile kidirisha kama watu wanaoota moto.

"Sikia hiyo joto," Muteti alikuwa akisema amefumba macho. "Hizi spika za siku hizi haziwezi. Hii sauti iko na nyama."

"Hiyo ni kioo inaimba," Opiyo alikuwa akijibu.

Mimi nilimimina chai nikiuma ulimi. Niwaambie ukweli, nilikuwa naogopa, lakini pia nilikuwa nafurahia. Odero naye alikuwa ameanza tabia mpya. Kabla ya kuwasha redio alizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho wa chini. Kisha aliiwasha, akaniuliza, "Umeshindaje, Jentrix?" na nikishamjibu ndipo alipoipandisha sauti taratibu. Nilidhani ni msiba unamrudia, nikazidi kuona aibu.

Balaa ililetwa na Gakuru, jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alinunua spika nyeupe ya kisasa, ile unayoiamuru kwa mdomo nayo inatii.

"Baba Lennox, hiyo yako ni jiko, si redio," alimwambia mume wangu langoni.

"Na yako ni kipande cha sabuni," Odero akajibu.

Hapo wakakubaliana kushindana Jumamosi, sebuleni kwetu. Santuri moja ingepigwa kupitia mashine zote mbili, na mwamuzi angekaa nyuma ya pazia la leso asione ni ipi inayolia. Gakuru alimleta Parsimei, mfanyabiashara wa mbuzi wa Bisil, ambaye soko zima linajua kwamba anamtambua mbuzi wake kwa sauti hata akiwa ndani ya lori la mwenzake.

Gakuru alipoingia na spika yake nilisoma jina lililoandikwa mbele ya spika hiyo, na chai ikanimwagikia mkononi. Lilikuwa jina lile lile nililoliona kwenye lile kasha lililovunjika kwa Munyiva.

Santuri ikapigwa mara ya kwanza, ikapigwa mara ya pili, Parsimei akaomba irudiwe. Kisha alikohoa nyuma ya leso.

"Mnanicheza," alisema. "Hawa ni mbuzi wa mama mmoja. Mmoja ako na tumbo kubwa, lakini koo ni moja."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Opiyo alimwambia vumbi la Bisil limemziba masikio. Muteti alisema kwa huruma kwamba si kila mtu anaweza kusikia joto. Parsimei alitoka nyuma ya pazia, akachukua chapati ya tatu, akasema yeye ameitwa kusikiliza na amesikiliza.

Gakuru hakucheka. "Kama ziko sawa, basi tufungue hiyo yako tuone iko na nini ndani," alisema, na mtu wa duka la vifaa hakosi bisibisi mfukoni. Nilijiona nikimtazama Odero akiona sanduku la baba yake limetolewa matumbo, tena mbele ya watu.

Odero alisimama kati yake na redio, mpole kabisa. "Baba Cate, kwetu Alego redio ya marehemu haifunguliwi na mtu si wa ukoo. Ukifungua, mkono unakauka."

"Mimi nimeokoka," Gakuru alisema, lakini bisibisi ilikuwa imeshuka. Akanigeukia. "Mama Lennox, hiyo ni ukweli?"

Mimi ni mtu wa Butere, lakini nimeolewa Alego miaka kumi na minne. Mwiko huo sijawahi kuusikia. Marehemu mwenyewe alikuwa akiipeleka redio hiyo kwa fundi Siaya mjini kila Desemba, na fundi huyo hakuwa wa ukoo wowote.

"Ni ukweli," nikasema. "Kuna binamu yake mpaka leo anakula na mkono wa kushoto."

Bisibisi ikarudi mfukoni, chapati zikaisha, watu wakaenda zao. Nilikuwa naosha vikombe nilipojiuliza kwa nini mume wangu amedanganya. Nikaacha maji yakimwagika, nikarudi sebuleni.

"Ulijua," nikamwambia.

"Tangu siku ile ile. Redio ya Baba ilikuwa inangoja dakika nzima. Siku hiyo iliimba kabla nitoe mkono. Ndio nikaanza kupunguza sauti kwanza, Opiyo na Muteti wasigundue."

"Na mbona hukuniambia?"

Alitazama dari. "Siku hiyo nilipata samaki mezani. Nikasema wacha ningoje. Jumanne ingine, samaki tena. Sasa, Jentrix, ungekuwa mimi ungesema?"

Nilimtupia kitambaa cha vyombo, kikampata usoni. Kisha nikalia, wala sioni haya kusema nililia, kwa maana miezi mitatu nilikuwa namficha msiba na yeye alikuwa ananifichia aibu.

Jumanne iliyofuata nilipika sukuma wiki, bila hata nyanya. Odero aliitazama sahani kwa muda mrefu. Kisha aliinuka, akazungusha kitufe mpaka chini, akawasha redio.

"Umeshindaje, Jentrix?"

"Nimeshinda nikijua nimeolewa na mwizi wa samaki," nikamjibu, na tukakaa wawili kungoja dakika iishe.