Ubao wa Juu ya Mlango wa Marica

Afisa aliinua tochi, mwanga ukatua juu ya mlango wa chumba cha usukani, pale ambapo mikono ya wanaume wawili, baba na mwana, ilikuwa imeulainisha ubao kwa miaka sabini na tatu.

"Na hii ni nini?" akauliza.

Jerko Petrusich alitabasamu. Siku tatu nzima alikuwa kwenye foleni ya mashua katika gati la Empire, Louisiana, akingoja kukaguliwa kwa ajili ya kazi ya mafuta yaliyomwagika baharini, na hili ndilo swali la kwanza lililompendeza. Maboya ya kujiokolea yalikuwapo. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwapo. Redio ilikuwa nzima. Sasa huyu binti wa kikosi cha walinzi wa pwani, Afisa Whitlow, mtu wa Ohio ambako maji ya chumvi huyaona kwenye sufuria tu, alikuwa anazisoma herufi ambazo baba yake Jerko alizichonga kwa patasi: IGRANE 1937.

"Kijiji cha baba yangu," Jerko akasema. "Ng'ambo, Kroatia. Ndiko mashua hii ilikojengwa. Ikaja huku juu ya meli."

Alisema hivyo kama alivyosema maisha yake yote, shuleni, harusini, na kwenye baa kila mtu alipoanza kujisifia chombo chake. Afisa Whitlow akaacha kuandika.

Mdomo huo, jamani. Laiti ungefungwa siku moja tu.

Afisa alimweleza taratibu, tena bila ubaya. Kuna sheria ya meli, kongwe kuliko mashua yenyewe, inayosema chombo kilichojengwa nchi ya nje hakiruhusiwi kubeba shehena kutoka sehemu moja ya Marekani hadi nyingine. Na mafuta yanayozolewa baharini na kuletwa gatini, wakubwa walikuwa wameamua kwamba ni shehena. Kwa hiyo Marica, mashua ya Jerko, haipati kibali. Bila kibali haipewi bendera ya njano ya ruhusa, na bila bendera haipewi mikanda inayoelea ya kuzuia mafuta. Wala haipiti, maana maji yote mpaka ghubani yalikuwa yamefungwa kwa amri.

"Mafuta yao siyataki," Jerko akasema. "Nataka kuuzungushia mkanda mwamba wangu wa chaza kule ghubani, basi. Niachie hilo tu."

"Kibali ni kimoja, Kapteni. Sheria sikuitunga mimi."

Akampigia saluti, akashuka, akaenda mashua ya pili.

Kisima cha mafuta kilikuwa kimepasuka Aprili, mbali huko kusini, na sasa ilikuwa Juni na bado kilikuwa kinatapika. Redio ilisema upepo ukiendelea hivi, mafuta yatafika ghubani baada ya siku tano. Gatini watu walipiga soga ya kujichoma mioyo. Mmoja alisema kuna meli za Waholanzi zenye mikono mirefu ya kufagia mafuta, zimekatazwa kwa sheria hiyo hiyo. Mwingine akasema uongo, baadhi zimeshafika, tatizo ni makaratasi. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Jerko hakubishana na mtu. Alikaa kwenye ukingo wa Marica akitazama mashua za jirani zikipakia mikanda ya rangi ya chungwa na kuondoka moja baada ya nyingine, bendera za njano zikipepea, na moyo ukamuuma waziwazi kama jino.

Mwamba wenyewe si mwamba. Ni makombe, maganda ya chaza. Baba yake alianza kuyamwaga pale kwenye tope tupu, gunia kwa gunia, makombe ya chaza walioliwa mahotelini New Orleans, kwa sababu mbegu ya chaza huelea ikitafuta kitu kigumu na safi cha kushika. Kila mwaka mwezi wa Mei walirudisha makombe. Chaza wakashika, wakakua, wakashikwa na wenzao. Baba alipokufa, Jerko akaendelea peke yake. Mkewe aliondoka kwenda Houston, akasema amechoka kuolewa na tope. Jerko hakumlaumu. Ila kila alipochomeka mwanzi wake mrefu wa kupimia majini na kusikia makombe yakigonga huko chini, mlio mkavu, wa uzima, alijua kuna mahali anapongojewa.

Na kila asubuhi, kabla ya kung'oa nanga, aliinua mkono akaugusa ubao wa juu ya mlango, kama alivyofanya baba. Igrane. Hakuwahi kufika. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mbili na alikitamani kijiji hicho asichokijua, mlima nyuma, bahari mbele, kiasi kwamba wakati mwingine aliota harufu yake. Mashua imetoka kule, alijiambia, basi na mimi ni kama nimetoka kule.

Jioni alimwendea Shangazi Tonka, dada wa baba yake, mwenye miaka tisini na moja, ambaye nyumba yake ilisimama juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko. Kikongwe alikuwa anachambua maharage. Jerko akamsimulia yote, sheria, bendera, mikanda, siku tano. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kifupi cha kukohoa.

"Nani kakwambia mashua ile imetoka Igrane?"

"Baba."

"Baba yako hajasema hata siku moja. Ulisema wewe, ulipokuwa mtoto. Yeye akanyamaza."

Jerko akaona aibu, aibu ya kitoto kabisa, ikipanda mpaka masikioni.

Shangazi akaweka bakuli chini. Akamweleza kwamba kaka yake alikuja akiwa na miaka kumi na saba, mchochea makaa ya meli, akaitoroka meli New Orleans na nguo alizovaa. Hakuwa na karatasi hata moja. Angerudi vipi? Angetoka, asingeruhusiwa kuingia tena. Mashua aliijenga hapahapa, kwenye kibanda nyuma ya kanisa, na yeye Tonka, aliyekuwa ameletwa kuolewa mwaka uliotangulia, ndiye aliyemshikia misumari. Wiki ile walipomaliza, ikafika barua kwamba mama yao Marica amekufa, na amezikwa mwezi mzima uliopita.

"Hakulia," Shangazi akasema. "Alichukua patasi. Aliandika anakotaka kwenda, mwanangu. Hakuandika alikotoka chombo."

Akalivuta tena bakuli la maharage. Baadaye kikongwe akaongeza, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo, kwamba mbao zote zilinunuliwa kiwanda cha kupasua mbao cha juu ya mto, na kila ubao ulipigwa chapa ya moto. Ule wa mlangoni chapa yake iligeuziwa ndani, kaka yake hakutaka ionekane.

Alfajiri Jerko alishika mtalimbo, akasimama mbele ya mlango bila kufanya kitu. Aliona afadhali angeambiwa akate kidole. Halafu akafikiria siku zilizobaki, nne, akasukuma. Misumari ya shaba ililia. Ubao ukatoka mzima mikononi mwake, mzito kuliko alivyodhani, na nyuma yake palikuwa na duara nyeusi iliyoungua, jina la kiwanda na neno Louisiana, safi kama ya jana.

Afisa Whitlow aliikagua chapa kwa kidole. Akamwandika shahidi, Shangazi Tonka, aliyebebwa gatini kwenye kiti cha jikoni na wapwa wawili, akala kiapo kwa sauti kubwa na kuuliza kama binti huyu analishwa vizuri kazini. Karatasi ikaenda New Orleans, ikakaa huko siku mbili, ikarudi. Mwisho likabaki jambo moja. Jerko alitakiwa kutia sahihi kwamba chombo hiki hakikujengwa Igrane wala nchi yoyote ya nje, na maandishi yale yasionekane tena mlangoni, asije mkaguzi mwingine akaanza upya.

Akatia sahihi. Mstari mmoja tu, na Igrane ikamtoka mkononi.

"Pole, Kapteni," Afisa akasema chinichini, akampa bendera.

Siku ya tano Marica iliondoka na mikanda imejaa nyuma. Jerko aliinua mkono mlangoni kwa mazoea. Vidole vikakuta mbao chakavu na matundu ya misumari. Akaushusha mkono, akashika usukani.

Upepo ulikuwa wa kusini bado. Ghubani alizima injini, akazungusha mkanda taratibu kuuzunguka mwamba wote, akaufunga kwenye miti ya mipaka aliyoichomeka baba yake. Kazi ilichukua saa nne na mgongo wote. Maji ndani ya mkanda yalikuwa safi. Nje, mbali, upande wa bahari kuu, kulikuwa na utandu mpana wa mafuta uliong'aa rangi zote, na haukuwa unaondoka.

Ubao ulikuwa miguuni pake, umefungwa gunia. Shangazi aliutaka ukutani kwake, na Jerko alikuwa amemwahidi. Aliufungua autazame mara moja tu. Kisha akachukua waya na mafungu mawili mazito ya makombe yaliyobaki Mei, akayafunga huku na huku, akauinamisha ubavuni mwa mashua. Aliushikilia juu ya maji kwa muda mrefu, herufi zikielekea juu.

Akauachia ushuke kwenye makombe ya baba yake.

Akachukua mwanzi, akauteremsha. Makombe yakagonga, kavu, kavu. Akausogeza kidogo, ukagonga kitu kingine, laini, cha mbao. Jerko akasimama hapohapo, mwanzi mkononi, akigonga polepole, huku utandu ukija.