Fomu Katikati ya Barua

Gwenda Entwistle alikuwa na miaka hamsini na miwili, magoti yake yalikuwa na sitini. Mitihani miwili ya uwakili alishaifaulu, akiisomea kwenye meza ya jikoni huku mumewe akikoroma sebuleni mbele ya mpira. Ilibaki saini moja tu. Bosi wake, wakili Duckworth, athibitishe kwamba mama huyu amefanya kazi ya sheria chini yake kwa miaka miwili. Alikuwa ameifanya kumi na tisa.

Fomu ya uthibitisho huo ilikaa mezani kwa mzee Duckworth tangu Februari. Sasa ilikuwa Oktoba, na mvua ya mji wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, haikuwa na nia ya kwenda kwao. Kila akiulizwa, mzee alisema, "Nitaitazama wiki ijayo, Gwenda." Juu ya fomu palishachorwa duara mbili za kikombe cha chai.

"Hasaini ng'o," alisema Beryl wa mapokezi. "Ukiwa wakili ukaondoka, nani atamwandikia hati za nyumba? Mimi? Itie kwenye faili la saa kumi, shoga. Yule hasomi. Mwaka jana alinisainia orodha ya mikate ya nyama."

Kweli tupu. Kila saa kumi Gwenda alimpelekea faili la barua zinazosubiri saini kabla ya posta kufunga, na kalamu ya mzee ilikimbia huku macho yakiwa dirishani.

Ijumaa Gwenda alijaza fomu nyingine safi, akaichomeka katikati ya barua ya mirathi na barua ya choo cha jirani kinachovuja. Akaliweka faili mezani, akaenda kuchemsha chai.

Birika halijatoa mvuke, amesharudi.

"Ngoja, Bwana Duckworth. Inayofuata isome."

Mzee alishasaini nne. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Umeificha humu."

"Nimeificha."

"Na ningesaini."

"Ndiyo maana nimerudi. Humo unathibitisha pia kwamba hujaona la kutilia shaka tabia yangu. Nimechoka, mzee wangu, lakini sijafika huko."

Mzee aliichezea kalamu.

"Utaniacha?"

"Niende wapi na magoti haya? Nataka tu barua ninazoandika mimi nizisaini mimi."

Akasaini. Polepole, jina lote, kama mtoto anayejifunza mwandiko. Gwenda alinyoosha mkono kuchukua faili, lakini mzee alilizuia kwa kiwiko. Alirudi nyuma kwenye zile nne, akaanza kuzisoma.

"Hii ya mirathi, marehemu amekufa kabla hajazaliwa."

"Nitarekebisha."

Akafunua iliyofuata fomu. "Na hii ya choo, tunamtishia anayevuja au anayevujiwa?"

Gwenda alichungulia. "Anayevujiwa," akakiri.

Barua zote sita za faili zilirudi kurekebishwa. Beryl, koti mwilini na mwavuli mkononi, alimtazama akipita nazo.

"Amesaini?"

"Amesaini. Na ameanza kusoma."

"Ole wetu," alisema Beryl, akavua koti.

Gwenda aliitia fomu kwenye mkoba, chini ya kopo la chakula. Akavua viatu chini ya meza, akamfufua marehemu, akaanza kumzaa upya.