Pedali ya Tatu

Msiniambie nitulie. Mtu akikuchezea mguu, wewe utamchekea?

Mguu wangu wa kushoto uliliwa na polio nikiwa mtoto. Unanisindikiza tu, haunibebi. Ndiyo maana marehemu mume wangu Shakib, Mungu amrehemu, alilitaka lile gari kuukuu la Pijo la rangi ya maziwa kwa sababu moja: lilikuwa otomatiki. Halikuwa na klachi, ile pedali ya mguu wa kushoto. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta, huohuo unakanyaga breki, wa kushoto unapumzika zake. Watu walimcheka, ati kauziwa ugonjwa. Alinifundisha kuendesha kwenye barabara ya Majanji, ile ya kwenda ziwani, na tangu hapo samaki wangu nikawafuata mwenyewe ziwani, nikawapeleka Tororo mwenyewe. Sikumwambia mwanamume yeyote tafadhali nipeleke.

Shakib akafa, nikakaa eda. Mjane aliye edani hatoki ovyo, na mambo yake ya nje huyashika wanaume wa ukoo. Ya kwangu aliyashika shemeji yangu Jamiru, mdogo wake Shakib, mwenye malori hapa Busia, mpakani na Kenya. Na nyie mnajua watu: maiti hata hajazoea kaburi, wazee wameshaanza kunong'ona kwamba mjane asiachwe atoke nje ya ukoo, na kwamba Jamiru ana wake wawili tu. Wawili tu! Nikasema eda ni eda.

Siku moja akasimama nyuma ya pazia, akaniuliza kama gari lipelekwe gereji, maana linakaa bure. Nikasema sawa, libadilishwe oili. Oili, nilisema. Wallahi sikuongeza neno.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, nikatoka. Jamiru alinisubiri uani na ufunguo mkononi, anatabasamu kama bwana harusi. Nikafungua mlango wa Pijo, nikakaa, nikatazama chini.

Pedali zilikuwa tatu.

Nikashika gia. Kijiti kipya, cha kusukuma na kuvuta kwa mkono, moja, mbili, tatu, nne. Huku Jamiru anajisifu dirishani: otomatiki ni balaa, ikifa hupati spea Busia ya huku wala ya Kenya, sasa gari hili fundi yeyote analiweza, na mlima linapanda vizuri. Nikamuuliza nani ataliendesha. Akacheka, ati kwani yeye na madereva wake wamekwenda wapi? Nitakaa kiti cha nyuma kama mama mkubwa, samaki wataletwa. Mjane wa kaka yake hawezi kuhangaika barabarani na yeye yu hai.

Niliyomwambia pale siyarudii, kuna watoto wanasoma. Majirani walitoka na miiko ya ugali mikononi. Nilimwambia, kwa ufupi, kwamba Mungu alinipokonya mguu mmoja na yeye kanipokonya wa pili, na Mungu angalau hakuja kutabasamu dirishani kwangu. Kisha nikataka kwenda Tororo, kwa fundi aliyeifanya kazi hiyo. Na hapo ndipo hasira iliponipanda mpaka kooni, kwa sababu ilibidi anipeleke yeye. Njia nzima nilitazama mkono wake ukibadilisha gia.

Fundi mwenyewe, Ekaju, ni mtu mpole wa kabila la Wateso. Giaboksi yangu ya zamani alikuwa bado nayo, ameifunga gunia na kuisukuma chini ya benchi. Nikamuuliza ilikuwa na ugonjwa gani. Akamtazama Jamiru kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Haikuwa na ugonjwa, mama. Mimi nilielezwa mama haendeshi tena."

Nikamgeukia Jamiru nimuulize nani alimweleza hivyo, lakini sikuwa na haja, alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa edani, sikuwa kaburini. Mume wangu ndiye aliyezikwa, si mimi! Mtu amekaa, ameamua maisha yangu yaliyobaki, kisha akaita fundi ayafunge kwa bolti.

Jamiru akavuta pumzi, akaongea kwa ile sauti ya kubembeleza wagonjwa. Alisema hakuwa na nia mbaya, alitaka nipumzike.

"Hebu niambie, shemeji," akasema, "ni mahali gani utakapotaka kwenda, nisikupeleke?"

Nikamsogelea, na mguu wangu huuhuu nikiuburuta, mpaka nikasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake.

"Siku nikitaka kukukimbia wewe, Jamiru, nani atanipeleka?"

Ningependa kusema aliniomba radhi, lakini hakuniomba, na mpaka leo sijaisikia. Alitoa kitambaa akajifuta shingo, akatazama barabarani.

Ekaju hakumsubiri. Alilivuta lile gunia kutoka chini ya benchi, akachukua jeki, akajilaza chini ya Pijo. Mimi nikaomba kiti, nikaketi mlangoni. Baadaye Jamiru akaja kusimama kando yangu, akasema kazi hiyo si ya leo, twende nyumbani.

Nikamwambia atangulie.