Kiasi cha Elkana

Zipporah alikuwa jikoni kwake Edmonton, akikatakata sukuma wiki alizonunua kwa Mturuki wa pale kona, mumewe Elkana alipofungua mlango kwa ufunguo wake na kuanza kujipangusa viatu. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa nne na mvua ilikuwa ikinyesha. Elkana alikuwa amezikwa Nyamira tangu mwezi wa kumi na moja.

"Ulifunga dirisha la chumbani?" akauliza.

"Nimelifunga."

"Haya." Akaketi, akaomba ugali usiwe mgumu sana kwa sababu alikuwa na darasa jioni ile.

Elkana alikuwa amefanya kazi ya ghala miaka mingi kabla ya kujiandikisha kusomea uhasibu katika chuo cha jioni. Alilipa ada yote kwa mkupuo mmoja. Wiki chache baadaye moyo wake ukasimama kwenye kituo cha basi. Hakupenda kitu kilicholipiwa kiharibike. Kwa kuwa Zipporah ndiye aliyemtegemeza, yeye ndiye aliyestahili nafuu ya kodi ya masomo. Ofisi ya kodi ilitazama, ikaona mwanafunzi yuko kwenye orodha ya chuo, ada imelipwa na mapato ya mkewe ni madogo. Ikatoa nafuu kamili, na Elkana akarudi kamili.

Mwaka ule walibishana kuhusu hita kama zamani. Alilala upande wake, ukutani, na miguu yake ilikuwa baridi, lakini hata alipokuwa hai ilikuwa baridi. Jumapili alasiri walitembea kando ya Mto Lea, Elkana akimshika mkono kila walipofika penye tope. Kanisani tu ndiko alikokataa kwenda. Alisema angeona aibu kusalimiana na watu waliochangia mazishi yake.

Majira ya baridi yalipofika, nyumba ya wazee alikofanya kazi Zipporah iliishiwa na wahudumu. Akachukua shifti za ziada, za Krismasi zikiwemo. Mwezi wa nne hakusikia ufunguo mlangoni. Alimkuta Elkana amekwisha kuketi mezani, kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Ulifanya shifti nyingi," akamwambia, bila lawama.

"Nilifanya."

Akamwekea mto wa pili kitini ili aifikie sahani.

Jumamosi Zipporah alikwenda Tooting kumwona Mansukh, mzaliwa wa Kisumu, aliyewafanyia Wakenya hesabu za kodi katika ofisi iliyo juu ya duka la sari.

"Dada Zipporah, hii nafuu si kama mahari, kwamba mkishapatana imekwisha," Mansukh akasema. "Kila mwezi wa nne, mwaka wa kodi ukianza, nayo inaanza upya. Wanauliza, mama alipata nini? Mwanafunzi anasoma masomo yote au nusu? Ada ni ile ile? Amebakiza miaka mingapi? Maana ina mwisho. Kimoja kikisogea, nayo inasogea. Mwaka juzi ulikuwa maskini. Sasa hongera, wewe tajiri."

"Tajiri wa nini, mzee? Nimeosha wazee Krismasi nzima."

"Kwao ni tajiri. Bwana amefika hadi wapi?"

"Kiunoni."

Mansukh akabonyeza kikokotoo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo hawakukosea."

Binti yake, Bhavini, alileta chai na kuuliza kwa Kiingereza kama bwana huyo bado ataweza kutia sahihi yake mwenyewe.

"Mikono anayo," Mansukh akamjibu.

Usiku ule mke na mume walipanga. Elkana angechukua masomo yote, asiache hata moja. Zipporah angekataa kila shifti ya ziada. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja, na alikitaja waziwazi: miguu ya Elkana, waende tena mtoni.

Elkana alisoma kwa kompyuta. Kamera ilimwonyesha kuanzia mabegani, na mwalimu hakugundua lolote ila kwamba mwanafunzi huyu hanyanyuki hata wakati wa mapumziko. Zipporah alivaa koti ndani ya nyumba na kuzima hita. Msimamizi alipompigia kumwomba aje Krismasi, alisema ana mgonjwa nyumbani.

Mwezi wa kwanza kijana mmoja wa kanisa lao, dereva wa lori, alifariki barabarani. Watu wakakutana kupanga jinsi ya kumpeleka nyumbani Kenya. Mtu akauliza pesa zitumwe kwa akaunti ya nani, na wote wakamtazama Zipporah, kwa sababu hakuwahi kupoteza hata senti ya mtu. Michango ilikuja kutoka Luton na Reading. Iliingia, ikatoka, ikaenda kwa shirika la ndege na nyumba ya kuhifadhi maiti. Kijana akazikwa vizuri. Hata Elkana, aliyekuwa akisomea uhasibu, hakuliwaza jambo lenyewe.

Mwezi wa nne Zipporah alikuta mezani mkono wa kulia, kuanzia kwenye kifundo hadi vidoleni. Aliujua kwa ukucha wa kidole cha shahada, uliopondwa na sanduku kule ghalani. Kando yake palikuwa na kalamu. Akaketi, akaushika. Ulikuwa na joto.

Akampigia Mansukh.

"Pesa za watu ziliingia kwa jina lako," Mansukh akasema. "Wameziita mapato."

"Zilikuwa za jeneza."

"Nimewaandikia hivyo. Wamejibu kwa adabu sana kwamba kwenye fomu hakuna mahali pa jeneza."

"Na mwaka ujao?"

"Wanaanza upya. Pesa ya mtu isipopita kwako, atarudi mzima. Lakini dada, huo ni mwaka wake wa mwisho. Baada ya hapo hata uwe ombaomba, hawatoi."

Zipporah akasubiri. Mkono ulifanya mazoezi ya hesabu jioni, na asubuhi ulimkorogea chai. Ulikuwa ukizidisha sukari, kama zamani. Alinunua viatu vya wanaume, vya kutembelea kwenye tope, akaviweka karibu na mlango.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi alikuja Bridget, rafiki yake wa kazini na kanisani. Aliusalimu mkono kwanza, akautikisa vizuri.

"Shemeji, habari ya masomo?"

Mkono ukageuka kidogo, kumaanisha si mbaya.

Kisha Bridget akasema mke wa mzee wa kanisa amefariki asubuhi, na wanatafuta akaunti.

"Mwaka huu tafuteni nyingine," Zipporah akasema. "Tafadhali."

"Nimezunguka kwa simu tangu asubuhi. Kila nyumba ina mtu wake chuoni." Bridget akanywa chai. "Pesa za mazishi ya Elkana zilipita kwangu, unakumbuka? Mwanangu Jeff alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo. Mwaka uliofuata alifupika, suruali ikawa inafagia sakafu."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, nawe una msiba? Kwanza alikuwa mrefu kupita kiasi, alikuwa akinigongea taa."

"Alirefuka tena?"

"Kidogo," Bridget akasema. "Si sana."

Zipporah akatazama vile viatu mlangoni. Mkono ulikuwa umetulia juu ya meza, haukumwashiria hivi wala vile. Akachukua simu, akamtumia Bridget namba ya akaunti. Bridget alimshukuru, akamaliza chai yake, akaenda.

Zipporah akavaa koti. Akautia ule mkono mfukoni, akaingiza wake humo humo, akatoka, viatu akaviacha pale pale. Alitembea kando ya mto kwa mwendo wa watu wawili. Watu waliokuja na mbwa walimpisha njia. Alipofika penye tope, vidole vikambana kwa nguvu hadi alipovuka, kisha vikalegea.

Katika mfuko wa pili simu ilitetema, ikatetema tena. Michango ilikuwa imeanza kuingia.