Cherehani Haitoki

Kaka yangu mkubwa alikuja Jumamosi kuifanya nyumba yetu iwe salama. Ndivyo alivyosema, huku akikunja mikono ya shati. Tangu kiharusi kimpate, mama anaburuta mguu wa kushoto, na mimi ndiye ninayeishi naye. Lakini kaka hakuniuliza kitu.

Aliondoa zulia lililokuwa likimkwaza mama, nikamshukuru. Akatandika mpira wa kuzuia utelezi bafuni, nikamshukuru tena, nikaenda zangu karakana kumalizia kuchomelea geti la mteja. Nilipompa kisogo tu, akaikokota cherehani ya mama hadi stoo. Kwake lile lilikuwa dude la chuma linaloziba njia, na mama alishaacha kushona. Ningekuwepo, angenitambua.

Nilirudi nikamkuta mama amekaa sakafuni, goti limevimba. Kaka alikuwa kwenye simu akiwatangazia ndugu kwamba nyumba hii haimfai tena mama. Atamhamishia kwake jioni hiyohiyo, alale, ahudumiwe. Mkewe alishatandika kitanda.

Nilimwacha kaka na simu yake, nikaanza na mama. Nilimkagua kichwa, nyonga na miguu. Hakuwa amevunjika. Nikamfunga kiunoni mkanda mpana ninaotumia kumnyanyulia, nikakunja magoti, nikamwinua polepole hadi kitandani. Ndipo nikamuuliza ameangukaje.

"Mkono ulikwenda kwenye cherehani," alisema. "Haukuikuta."

Kaka hakuelewa, ikabidi nimweleze. Mama akienda bafuni hushika kichwa cha kitanda, kisha cherehani, kisha fremu ya mlango. Ndiyo njia yake, hata gizani haipotezi. Kaka akajibu kwamba kwake hatahitaji njia, kwa kuwa hatanyanyuka bila mtu.

"Yaani na mimi unipeleke stoo," mama alisema.

Sikungoja zaidi. Niliirudisha cherehani peke yangu, jasho likinitoka, nikaiweka palepale pake. Nikaleta drili, nikatoboa saruji, nikaifunga miguu yake kwa nati. Kaka alilalamika kwamba naharibu sakafu. Nikamwambia sakafu ni ya mama. Bomba la chuma lililobaki kwenye kazi ya lile geti nikalikaza ukutani, kutoka cherehani hadi mlangoni.

Mama akasimama. Nilimfuata nyuma, mkono wangu karibu na mkanda bila kuugusa. Alishika kitanda, akashika cherehani, akashika bomba, akaingia bafuni. Mlango aliurudishia tu bila komeo, kama tulivyokubaliana. Mimi na kaka tulibaki nje kama watoto wanaosubiri adhabu, tukisikiliza maji.

"Na akianguka tena?" kaka aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nitaangukia kwangu," mama alijibu kutoka ndani.

Alipotoka, alisimama kwenye cherehani, akaisukuma kwa mkono wake wa kulia, ule mzima, kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akamgeukia kaka.

"Mpigie mkeo," alisema. "Atandue kitanda."