Kwetu Hakuna Kifafa

Pale Pongwe hakuna aliyemshinda Dorkasi kwa maneno. Wanasimulia, na mwenye kubisha na abishe, kwamba siku moja alivutana bei na muuza samaki wa Kigombe tangu asubuhi mpaka changu aliyekuwa ndani ya beseni, amekwishakufa zamani, akafumbua mdomo akasema, "Mpunguzie, bwana, nami nikapumzike."

Huyo ndiye mama mkwe aliyempata Brightness, na kwa maajabu ya Mungu walipendana. Robert, mwana wa Dorkasi, alikuwa dereva wa lori, leo yuko huku, kesho kule. Wanawake hao wawili wakala sahani moja na kutaniana kama mashoga. Mimba ilipoingia mwezi wa nane, ni Dorkasi aliyekuwa akimkanda miguu jioni.

Miguu ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Uso nao ulijaa, na pete ya ndoa ikagoma kutoka kidoleni. Majirani wakasifu, "Brightness, umenona!" Dorkasi akajibu kwa niaba yake, "Kwangu halali mtu njaa."

Siku ya kliniki, Sista Imakulata alimpima presha mkono wa kulia, akampima na wa kushoto, akapima na mkojo. Hakutabasamu.

"Huku si kunona, mama, ni kuvimba," alisema. "Presha imepanda sana na mkojo una protini. Kichwa kinakuuma?"

"Kinauma, sista. Na mchana kweupe naona vimulimuli."

"Basi usirudi nyumbani. Nenda hospitali kubwa leo hii ukalazwe. Hizi ni dalili za kifafa cha mimba."

Mlango wa chumba kile ulikuwa pazia tu, na nje kulikuwa na benchi zima la wanawake wenye masikio. Dorkasi, aliyekuja kumsindikiza mkwewe, alilitupia pazia jicho.

"Sema taratibu, sista! Kwetu hakuna kifafa. Kwa marehemu mume wangu Methusela hakuna, kwangu hakuna. Hicho umekitoa wapi?"

"Mama, hiki siyo kile unacho..."

"Tumesikia. Tunakwenda."

Na kweli alisikia, ila alisikia neno moja tu. Jumamosi hiyo washenga kutoka Muheza walikuwa wanakuja kumposa Bibiana, binti yake wa mwisho. Watu wa kuposa hawaji kichwa kichwa; hupita kwanza kwa majirani wakiuliza kama nyumba hiyo ina kifafa. Kikishatajwa, hakuna anayeuliza ni cha mkwe au cha damu; posa imekwisha, na anayefuata hapigi hodi.

Ndani ya bajaji Brightness alisema, "Mama, hospitali si njia hii."

"Tutakwenda Jumatatu, mwanangu. Wageni wakishaondoka."

Robert alipopiga simu, Dorkasi alipokea yeye. "Sista kasema apumzike," akamwambia. Brightness alikuwa amelala kando, kitambaa cha maji baridi usoni, hakusikia. Na Dorkasi alimpumzisha kwelikweli: akatoa chumvi kwenye chakula, akafunga madirisha jua lisimuumize macho, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Kama kupenda tu kungeshusha presha, ya Brightness ingeshuka mpaka sakafuni.

Jumamosi alitapika. "Mama, hapa kwenye chembe cha moyo panachoma."

"Vumilia kidogo tu. Hao wamefika."

Mshenga alikuwa Nehemia, mtu wa kitambi na vichekesho. Alifuta viatu, akaketi, akakohoa kidogo.

"Sisi tumepotelewa na mbuzi," alisema. "Tumefuata kwato, zimeingia humu."

"Mbuzi wa humu ana diploma ya ualimu," Dorkasi akajibu. "Kamba mliyokuja nayo inatosha?"

Sebule ikaangua kicheko. Kicheko kilipotulia, kitanda cha chumba cha ndani kikaanza kugonga ukuta.

Kiligonga, kikagonga tena, harakaharaka. Bibiana alikimbilia ndani. Wageni wakatazamana. Dorkasi alijua, alijua kabisa, na miguu yake ilitaka kwenda. Badala yake alisimama katikati ya sebule akapiga makofi na kuanzisha pambio la shukrani.

Wageni walikuwa watu wa kanisa, wamelelewa, wakasimama, wakaitikia. Kitanda kikigonga, Dorkasi anapiga makofi kwa nguvu zaidi. Nehemia akaweka sauti ya chini, nzuri, ya kwaya. Bati likatetemeka. Mpita njia angesema nyumba ile imeshukiwa na baraka.

Bibiana akatokea mlangoni. "Mama! Anatoka povu! Mama, anakufa!"

Wimbo ukakatika.

Nehemia ndiye aliyetangulia kuingia. Alimlaza Brightness ubavu, akambeba mpaka kwenye gari lao. Njiani Dorkasi alipakata kichwa cha mkwewe, na neno likamtoka lenyewe: sista alisema ni kifafa cha mimba.

"Ah! Hicho dada yangu alikipata," Nehemia alisema kutoka kiti cha mbele. "Walimlaza mapema, wakamchoma sindano za kuzuia degedege, wakamtoa mtoto kabla ya mwezi wake. Sasa ana mbio huyo mtoto, hashikiki! Usiogope, mama."

Alitaka kumtia moyo. Hakujua anamfanya nini.

Hospitalini walimchoma sindano, wakamtundikia dripu, wakamkimbiza kwenye upasuaji. Mtoto alikuwa wa kike. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka. Alitolewa akiwa amekwishakufa.

"Ni jina tu limefanana, mama," daktari alimwambia Dorkasi. "Si kile kifafa mnachokichunguza kwenye posa. Ni presha ya ujauzito, na humpata hata mtu ambaye hajawahi kuumwa. Tunaendelea kumwangalia, maana degedege linaweza kurudi hata baada ya kujifungua."

Kesho yake mchana Brightness alifumbua macho. Wauguzi walikuwa wamekwishamwambia habari za mtoto. Alimgeukia Dorkasi.

"Nilisikia mnaimba, mama. Nikajua nimejifungua. Nikajiuliza mbona simsikii akilia, nikasema labda sauti zenu zimemfunika."

Dorkasi alishika chuma cha kitanda.

"Nilijua ni wewe unayegonga ukuta," alisema. "Niliimba ili wageni wasisikie. Na Robert nilimwambia sista kasema upumzike tu."

Brightness hakulia. Mkono wake ulikwenda tumboni, ukakuta bandeji, ukarudi.

"Robert amefika?"

"Yupo nje."

"Mwambie. Mwambie yote kama ulivyoniambia. Akishajua, ndipo aingie."

Dorkasi alitoka. Robert alikuwa kwenye korido, bado ana vumbi la safari, amekunja magotini kitenge kipya alichomnunulia mkewe cha kumbebea mtoto. Alipomwona mama yake akainuka upesi.

"Shikamoo, mama. Ameamka? Niingie?"

Dorkasi alimshika mwanawe mkono akamrudisha kwenye benchi.

"Keti kwanza, baba," alisema. "Keti nikuambie."