Mfalme Aliyeitwa Kesho

Ukoo ule ulikuwa na wafalme waliojenga ngome na waliochimba mifereji. Huyu wa saba hakujenga wala hakuchimba. Ukimtaja tu, watu wanaangua kicheko: "Yule Kesho?" Nami hukereka, maana wanaocheka hawajui jina lilitoka wapi.

Kwao mfalme hakuwa na jina la kiti cha enzi mpaka afe. Siku ya maziko, aliyemfumba macho marehemu ndiye aliyelitamka jina, na likishatamkwa halikubadilishwa. Huyu alifumbwa macho na dada yake mkubwa, mtunza ghala la ufalme.

Mwaka ule mafuriko yalisomba mashamba, watu wakajaa uani kuomba nafaka. Mfalme akamwomba dada yake ufunguo.

"Ufunguo umepotea, mdogo wangu," dada alisema. "Fundi wa kufuli anakuja kesho."

Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Alikuwa ameshikwa na harusi ya mwanawe akasahau kuziba paa la ghala, na nafaka yote ilikuwa imeoza. Aliona haya kusema. Alijipa moyo kwamba atapata la kufanya, lakini siku zikapita asipate.

Basi kila asubuhi mfalme alitoka mwenyewe kwenye mvua kuwaambia watu, "Kesho." Alisema si adabu kumtuma mtumishi akawanyime wenye njaa.

"Tuvunje mlango, mtukufu," waziri alimshauri.

"Ya nini? Dada yangu hajawahi kunidanganya."

Mvua ile ikampa homa ya mapafu. Hakuinuka tena.

Maziko yalijaa watu wenye hasira. Waziri akamgeukia dada mtu: "Mama, tupe jina."

Alikuwa nalo jina zuri, amelifikiria usiku kucha huku akijichukia: Mwaminifu. Lakini angelitamka, watu wangeuliza uaminifu gani, naye ingebidi aeleze habari za ghala. Mwanawe, ambaye kama mpwa wa mfalme angerithi kiti siku ileile, alisimama mbele yake, amevaa tayari. Mama akamtazama.

"Kesho," akasema.

Watu wakapiga vigelegele vya kejeli. Yeye alilia mpaka akashikiliwa, na wote wakadhani ni uchungu wa msiba.

Kwa desturi yao, mjukuu wa kwanza wa dada alirithi jina la marehemu. Kila alipomwita aje kula, bibi aliinamisha uso. Siku moja mtoto akarudi kutoka kucheza, macho mekundu, kamasi zinamtoka.

"Bibi, wananicheka. Kwani huyo babu Kesho alifanya nini?"

Bibi akampakata, akampangusa uso kwa kiganja. Alitaka kusema. Safari hii alifungua mdomo kabisa.

"Nitakwambia, mjukuu wangu," akasema. "Kesho."